Kopo Ambalo Wanawe Hawakulionja

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, mkulima wa kahawa hapa Ihanda, Karagwe. Nina mke mmoja, mama mzee na mtoto mmoja aliye hai. Nasema aliye hai kwa sababu alikuwapo mwingine... na huyo ndiye aliyenifanya niombe karatasi kwa mwalimu na kuketi kuandika.

Wasomaji wenzangu, msinionee huruma mapema. Someni kwanza hadi mwisho, ndipo mwamue kama ninastahili huruma au viboko.

Mimi na mke wangu, Paskazia, tulikaa miaka saba katika ndoa bila mtoto. Mnajua maneno ya watu. Wengine walinishauri nioe mwingine, wengine walimwita mke wangu majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mimi nilikataa kuoa mke wa pili, na wala haukuwa utakatifu. Ulikuwa ubishi tu. Tangu utoto wangu, nikisukumwa huku mimi huenda kule.

Mwaka wa nane Paskazia akapata mimba. Uchungu ulipoanza haukuisha. Siku ya kwanza ikapita, siku ya pili ikafika, wakunga wakaanza kutazamana. Aliyetuokoa ni mtu mmoja mwenye duka hapa Ihanda, jina lake Kalikawe. Alishusha magunia yote kwenye gari lake la mizigo, akatandika majani makavu na mablanketi, akamwendesha mke wangu polepole hadi hospitali ya misheni. Huko akazaliwa Koku.

Je, mtu wa namna hiyo ungemfanyia nini? Ungempa nini kiwe sawa na mtoto?

Kalikawe alikuwa mtu wa Muleba kwa kuzaliwa, lakini alikuwa amejenga upande wa Kyerwa, huko Murongo, mpakani na Uganda. Mkewe na watoto wake waliishi huko. Yeye alikaa zaidi hapa, nyuma ya duka lake, akienda kwake mara moja moja. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kucheka, na alijua jina la kila mtoto wa kijiji. Hata mama yangu, ambaye si mwepesi wa kusifu, alisema ni mtu mwenye mikono myema.

Basi Koku alipotimiza mwezi mmoja nikamwomba Kalikawe tufanye omukago. Kwa wale mlio mbali, omukago ni undugu wa damu wa kwetu. Padri hautaki kabisa, na tulijificha. Tulichanjwa kidogo karibu na kitovu. Ikachukuliwa buni moja ya kahawa, ikapasuliwa, zikatoka punje zake mbili. Moja ikapakwa damu yangu akaila yeye, nyingine ikapakwa damu yake nikaila mimi. Kisha mzee aliyetusimamia akatutamkisha maneno. Hutamnyima ndugu yako chakula. Hutamsema vibaya wala kuacha asemwe vibaya mbele yako. Watoto wake ni watoto wako. Na atakayemsaliti mwenzake, tumbo lake na livimbe, afe.

Nilitamka maneno hayo nikiwa nimefurahi kama bwana harusi.

Tangu siku hiyo Kalikawe hakuja kwangu mikono mitupu. Alimletea Paskazia mkate, sukari nyeupe, siagi ya kopo, biskuti, na kwa ajili ya Koku akaleta maziwa ya kopo, yale mazito matamu yanayovutika kama asali. Akasema mke wa mtu anayejiweza hakai na mtoto titini mchana kutwa kama mke wa maskini. Akasema, nami namnukuu neno kwa neno kwa maana limekaa masikioni mwangu: "Hata wanangu kule Murongo wamekua kwa maziwa haya haya, ndugu yangu."

Paskazia hakutaka. Alisema maziwa yake yanatosha na mtoto anashiba. Mimi nikamwambia asimwaibishe ndugu yangu kwa kukataa zawadi. Mwishowe akakubali, na kadiri Koku alivyozoea utamu wa kopo ndivyo alivyolikataa titi. Maziwa ya mama yake yakapungua, yakakauka. Mtoto alikuwa na miezi mitano.

Halafu likaja jambo la migomba.

Kibanja changu nilikirithi kwa baba. Kilisifiwa Ihanda nzima. Migomba ilisimama mikubwa, chini yake kahawa, na katikati maharage, magimbi, mboga, maboga, kila kitu mahali pake. Mama yangu alikilima kwa miaka zaidi ya thelathini. Alijua kila shina, lipi lina mkungu wa kupika, lipi la rubisi, pombe yetu ya ndizi, lipi linazeeka.

Kalikawe alikuja siku moja, akatembea nami kibanjani, akatikisa kichwa. Akaniuliza kwa nini ninaiachia migomba nafasi kubwa hivyo wakati kahawa ndiyo inayotafutwa. Nikamwambia, tutakula nini? Akacheka sana. "Ndizi ni chakula cha mtu asiye na ndugu mwenye duka," akasema.

Mnaelewa mtego wangu ulivyokuwa? Kwetu mtu aliyekula kahawa nawe hawezi kukunyima chakula. Ni kiapo. Sasa mimi ndugu yangu ana duka zima la chakula. Nikiendelea kung'ang'ania migomba si nitakuwa ninamwambia kwamba siamini kiapo chake? Ndivyo nilivyofikiri. Mwanakijiji mwingine yeyote asingethubutu kuikata migomba ya baba yake, lakini mimi nilikuwa na omukago kifuani, nikajiona nimepita wote kwa akili.

Mama alinikuta na panga. Hakupiga kelele. Aliketi chini kwenye majani makavu, akasema, "Mwanangu, mtu hung'oa jino linalouma. Migomba hii imekuuma wapi?"

Nikamwambia dunia imebadilika. Nikamwambia watu wenye akili hawapiki saa nzima, wanafungua kopo.

Akaniomba shina moja tu. Lilikuwa nyuma ya nyumba, shina ambalo chini yake kitovu changu kilizikwa nilipozaliwa, kama desturi yetu ilivyo. Akasema hili uniachie. Wasomaji wangu, nililing'oa nalo... Nililing'oa mbele ya macho yake, maana nilishaanza, na mimi nikianza sijui kuacha.

Kesho yake mama alifunga mzigo kwa majani makavu ya mgomba, akajitwika kichwani, akasema anakwenda Chonyonyo kumsalimu dada yangu. Alikaa siku mbili, akarudi. Sikumuuliza amepeleka nini. Nilikuwa ninapanda miche ya kahawa, hata palipokuwa na maharage na mboga.

Miezi ikapita. Tukala vya dukani, nikivilipia kwa kahawa yangu. Asubuhi chai yenye sukari nyingi na mkate, mchana mkate na samaki wa kopo, jioni chapati za unga mweupe. Wageni wakija nilijivuna. Nilifungua kopo mbele yao taratibu, wasikie linavyolia, nikatazama nyuso zao. Jirani mmoja alinitania akasema siku duka likifungwa nitakula majani ya kahawa. Nilicheka kuliko yeye.

Koku alipofika mwaka mmoja na miezi mitatu alikuwa amenenepa. Mashavu yamejaa, miguu imejaa, mikono imejaa. Nilimbeba kila mahali, hata kanisani nilimshika juu juu ili watu wamwone. Wanawake walisema, waitu, tazama mtoto wa mtu anayejiweza. Nami nilijibu kwamba ni maziwa ya ndugu yangu.

Kweli alikuwa amepunguza kucheza. Nilisema ni mtoto mtulivu. Nywele zake zilikuwa zimeanza kugeuka rangi, zinakuwa nyekundu nyekundu, laini, zinang'oka ukizishika. Nilisema atakuwa na nywele nzuri kama za Wazungu. Jamani, mjinga hana haja ya kudanganywa na watu, hujidanganya mwenyewe.

Mama ndiye aliyeona. Siku moja alimpakata Koku, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, kisha akaondoa kidole. Palibaki shimo. Halikurudi. Akanionyesha. Akasema, "Huu si unene. Mtoto huyu ana njaa."

Njaa! Katika nyumba yenye makopo hadi chini ya kitanda! Nilikasirika, nikamwambia ana wivu. Nikamwambia tangu nilipong'oa migomba yake hajaona jema lolote kwangu. Ndipo akasema neno alilokuwa amelificha muda mrefu, kwamba huyo rafiki yangu ananilisha takataka ili nisitoke dukani kwake.

Kwetu kuna kiapo. Hutaacha ndugu yako asemwe vibaya mbele yako. Nikasimama, nikamwambia mama yangu mzazi kwamba anayemtukana ndugu yangu wa damu hawezi kulala chini ya paa langu.

Hakulia. Paskazia ndiye aliyelia. Mama alichukua jembe lake na nguo zake, akambusu Koku kwenye utosi, akashika njia ya Chonyonyo kwa miguu. Nilisimama mlangoni nikamtazama mpaka akapotea, nikajiambia nimetimiza kiapo.

Wiki tatu baadaye Koku aliacha kutabasamu. Tumbo likamvimba, ngozi ya miguuni ikaanza kubanduka kama imeungua. Alikaa tu pale alipowekwa, analia sauti ndogo ya kuchoka. Tulimpeleka zahanati ya misheni. Dresa wa pale, mhudumu wa dawa, mzee mpole, alibonyeza mguu kama alivyobonyeza mama. Akauliza mtoto anakula nini.

Nikamtajia. Maziwa ya kopo, mkate, biskuti, chai ya sukari, siagi. Nilitaja kwa fahari hata mahali pale.

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama nyumbani hakuna maharage. Kama hakuna ndizi, mboga za majani, karanga, maziwa ya ng'ombe. Akasema mtoto amekula utamu mtupu, mwili umekosa vya kuujenga. Alituambia tumpondee maharage yaliyoiva vizuri, tuyachuje, tuchanganye na ndizi, tumpe kidogo kidogo, na tumrudishe baada ya siku mbili.

Maharage! Mimi niliyekuwa na kibanja cha kulisha nusu ya kijiji nilikwenda kwa jirani yule aliyenitania, nikaomba bakuli la maharage na chane moja ya ndizi. Alinipa bila neno, na huko kutonitania ndiko kulikonichoma zaidi.

Lakini Koku alitema. Ulimi wake ulikuwa umezoea sukari tangu mdogo. Ukimpa maharage anafunga mdomo, anageuza uso, anaonyesha kopo kwa kidole. Paskazia alipiga magoti, akaniomba nikamwite mama. Alisema mama ndiye anayejua kumlisha mtoto asiyetaka kula.

Nami ningekwenda kwa mama na uso gani? Nilikataa. Badala yake nikapata wazo, na wazo hili ndilo ninalolilipia kila siku ninapoamka. Nilijiambia kwamba huenda makopo ya dukani Ihanda si mazuri. Yamekaa juani. Lakini Kalikawe alisema wanawe wamekua kwa maziwa hayo, na wanawe wazima. Basi lazima kule Murongo ana maziwa yaliyo bora, yale anayowapa watoto wake mwenyewe. Nikimwomba hatanikatalia, maana watoto wangu ni watoto wake.

Kalikawe mwenyewe alikuwa amesafiri kwenda Bukoba kuleta mizigo. Nikachukua dukani, kwa kijana aliyeachiwa kuuza, kopo moja la maziwa na pakiti ya biskuti kama zawadi kwa wanawe, nikafunga kwenye baiskeli, nikaondoka alfajiri. Nililala njiani kwa watu. Nilifika Murongo siku ya pili, mchana.

Nilikuwa sijawahi kufika kwake. Nilisimamisha baiskeli nikadhani nimepotea njia.

Kibanja chake kilikuwa kama kile changu cha zamani. La, kilikuwa bora. Migomba imesongamana, imeegemezwa miti kwa uzito wa mikungu. Maharage yamepanda, magimbi yamejaa bondeni, mnavu na mchicha umeota mpaka mlangoni. Sikuona kopo hata moja, hata la kuchotea maji.

Mkewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alinipokea kwa magoti, akaniita shemeji, akaniambia mumewe hunitaja sana. Watoto watano walikuja mmoja mmoja kunipa shikamoo. Miguu yao ilikuwa migumu, nywele zao nyeusi tititi. Wakarudi kuketi kuzunguka chungu cha ndizi zilizopikwa pamoja na maharage na mboga, wakala kwa kelele na kunyang'anyana.

Nikatoa zawadi zangu. Yule mdogo, wa umri wa Koku wangu, aliinuka akazifuata biskuti. Mama yake akamwahi. Alizichukua mkononi mwake taratibu, akaziweka juu ya kabati.

"Usione vibaya, shemeji," akasema. "Baba yao amekataza vitu hivi visifike mdomoni mwao. Anasema ni vya kuuza."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa shemeji. Nikamwambia kwamba nimekuja kwa haja, mwanangu anaumwa, basi anipe kidogo tu yale maziwa wanayowapa watoto hapa nyumbani, yale mazuri.

"Maziwa gani?" akauliza. "Hawa wamenyonya mpaka wakajiachisha wenyewe, kisha ni ndizi na maharage kama unavyowaona. Kopo halijafunguliwa katika nyumba hii." Akanitazama vizuri. "Kwani kwako mtoto anakula nini, shemeji?"

Nilitazama miguu ya yule mtoto mdogo. Nilitamani kunyoosha kidole nikaibonyeze.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu hakikuwa nguoni, kilikuwa ndani kabisa, nilikimeza mwenyewe na damu yake juu ya punje ya kahawa. Alijua! Siku ile anacheka kibanjani mwangu alijua. Siku anamwambia Paskazia aache kunyonyesha alijua. Alikuwa na chakula cha wanawe na chakula cha watu wengine, na mtoto wangu akamweka kwa watu wengine.

Mwanamke yule hakuwa na hatia, nataka hilo lijulikane. Alipoona machozi yangu hakuuliza tena. Alifunga mkungu mzima wa ndizi nyuma ya baiskeli, akaweka maharage, karanga na mboga kwenye kikapu. Juu yake akarudisha kopo langu na biskuti. "Hivi umrudishie dukani," akasema.

Nilirudi bila kulala njiani kwa watu, nikisukuma baiskeli milimani, nikipanda penye tambarare. Nilipofika nyumbani nilimwona mama uani.

Paskazia alikuwa amemtuma mtu Chonyonyo mara tu nilipoondoka. Mama hakusema, "Nilikuambia." Alikuwa amempakata Koku, ana bakuli la maharage yaliyopondwa na kuchujwa, anatumbukiza kidole, anakipaka kwenye mdomo wa mtoto, anasubiri, anapaka tena. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amekula vijiko viwili tangu asubuhi. Vijiko viwili vidogo. Aliniambia kama mtu anayetangaza mavuno.

Niliketi karibu yao. Nikamshika Koku mguu. Alinitazama, sijui kama alinijua.

Alikufa siku iliyofuata, jua likiwa utosini. Tulikuwa tumemchelewesha kwa siku nne tangu zahanati, na siku tatu kati ya hizo mimi nilikuwa njiani kwa sababu ya kuomba maziwa.

Kwetu mtoto mdogo huzikwa kibanjani, kwenye kivuli cha migomba, na kaburi hutandikwa majani yake mabichi. Mimi sikuwa na kivuli. Kahawa zangu zilisimama juani, majani yamejikunja, maana hata zenyewe hazikupenda kuachwa bila migomba. Majirani walileta majani kutoka vibanja vyao. Nilipokea kila jani kwa mikono miwili kama mwombaji.

Tulipomaliza kufukia, mama alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na chipukizi la mgomba. Alikuwa amelibeba kutoka Chonyonyo siku ile aliyoitwa. Akachimba shimo upande wa kichwa cha kaburi, akalipanda, akalishindilia udongo kwa mikono.

Siku ya nne ya msiba Kalikawe akaja. Amerudi kutoka Bukoba, amesikia, amekuja mbio. Alilia, wasomaji wangu. Machozi ya kweli yalimtoka, na hilo ndilo lililonivuruga zaidi. Alileta mikate, sukari na biskuti za kuwalisha waombolezaji.

Nilimkaribisha kiti. Niliingia ndani, nikatoa lile kopo nililolipeleka Murongo na kurudishiwa. Nikalitoboa kwa msumari mbele za watu, nikamimina yote kwenye bakuli, nikatia kijiko, nikampa kwa mikono miwili.

"Kula, ndugu yangu," nikasema.

Alilitazama bakuli. Wazee pale walijua tulikula kahawa, na chakula cha mkono wa omukago hakikataliwi. Alishika kijiko, akakiweka chini.

"Samahani, ndugu yangu," akasema. "Tumbo langu halipatani na maziwa haya."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Hata nyumbani hatuyatumii."

"Nimefika kwako," nikamwambia. "Nimewaona wanao."

Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mfanyabiashara, anauza watu wanachopenda, na kwamba hakunishika mkono kunilazimisha. Akasema hakujua kwamba yangefika huko. Akasema na gari alilotoa siku ile ya uchungu nalikumbuka au nimelisahau?

Nalikumbuka. Ningewezaje kulisahau? Ndiyo sababu nilimwamini.

Nilikuwa nimekusudia kumpiga. Mkono ulikuwa umeshakunjwa. Mama alinishika bega, akasema, "Mwache aende. Tuna kazi, kibanja hakijasafishwa." Kalikawe akainuka, akavaa kofia yake, akaondoka na biskuti zake zikabaki kwenye mkeka. Hakuna mwombolezaji aliyezigusa.

Kiapo chetu kilisema atakayesaliti tumbo lake livimbe. Nilisubiri. Nilisubiri mwaka, nikasubiri miwili. Kalikawe mzima mpaka leo, duka lake limepanuka, ananipungia mkono tukipishana barabarani. Aliyevimba tumbo ni mwanangu, ambaye hakuapa lolote. Mtu akiniuliza sasa juu ya viapo nitamwambia apeleke maswali yake kwa padri.

Ndugu wasomaji, sisemi mkate ni sumu wala kwamba mwenye duka ni mchawi. Nasema nini basi? Nasema usile kitu kwa sababu kimefungwa vizuri. Nasema usimkaushe mama maziwa kwa ajili ya picha ya ng'ombe kwenye kopo. Maharage, ndizi, mboga iliyoota mlangoni, hivyo wazazi wetu hawakuvila kwa umaskini, walivila kwa kuwa vilitusimamisha. Na mtu akikusifia chakula, hata awe amekula nawe kahawa na damu, mwombe akupeleke kwake kwanza. Kaa chini, utazame wanawe wanakula nini. Mimi nilitazama nimechelewa.

Na kina baba, nawasihi. Mama yako akibonyeza mguu wa mtoto wako akakuonyesha shimo, usimjibu. Lichunguze shimo.

Niling'oa nusu ya kahawa zangu. Mama alileta machipukizi mengine kutoka Chonyonyo, safari baada ya safari, na Paskazia akapanda maharage katikati. Ilichukua muda. Mgomba hauna haraka, na mimi mtu wa haraka nilijifunza kukaa nao.

Wakati mgomba wa kwenye kaburi ulipobeba mkungu wake wa kwanza, Mungu alikuwa ametupa mtoto mwingine, wa kiume, Mugisha. Alikuwa amenyonya kila siku ya maisha yake. Mama aliukata mkungu mwenyewe. Akamenya ndizi, akazipika na maharage, akaziponda kwa mwiko wa zamani, ili kiwe chakula cha kwanza cha mjukuu wake.

Wakati anaponda ndipo akaniambia. Ule mzigo aliojitwika siku ile nilipong'oa migomba ulikuwa na chipukizi la lile shina la kitovu changu. Alilipanda Chonyonyo kwa dada yangu, likazaa, na alipoitwa kwa ajili ya Koku alibeba chipukizi lake ili mjukuu awe na cha kula karibu. Hakujua kwamba angelipanda kaburini.

Mugisha alikula akamaliza, akalamba bakuli. Mama akakwangua yaliyobaki kwenye chungu, akayaweka kwenye jani, akanisogezea. Nikala.